Si Kila Nane ni Nane

Safu ya juma hili inaanza kwa kukiri kosa, na kosa lenyewe ni letu.

Miezi michache iliyopita tuliandika hapa kwamba tarakilishi ya mezani iliyozeeka haistahili kila mara kutupwa. Mara nyingi huhitaji kuongezewa kumbukumbu tu, kile kipande ambacho mafundi hukiita ramu. Msomaji wetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Kabati katika kaunti ya Kitui, aliyasoma maneno hayo akatupigia simu. Ana chumba kimoja kando ya barabara, ambamo hupiga chapa mitihani ya shule, huchapisha barua, na huwasaidia watu kuingia eCitizen na kuwasilisha marejesho yao ya kodi kwa KRA. Mashine yake ni Dell OptiPlex 7010, iliyotumika kwanza katika ofisi za ng'ambo kabla ya kufika kwetu. Tulimuuliza aina ya kumbukumbu, akatujibu kuwa ni DDR3. Nasi tukamwambia, kwa haraka ya mtu anayejiona mjuzi: nunua nane ya DDR3, itakutosha.

Fedha za kununulia hazikuwa zake peke yake. Wanawake wanne wa chama chao walichanga, kwa sababu hesabu za chama zimo ndani ya mashine ile, na binti zao huitumia jioni kwa masomo. Jamaa aliyekuwa Nairobi akatumwa dukani, akauliza nane ya DDR3, akapewa, tena kwa bei iliyomfurahisha. Kipande kikasafirishwa kwa matatu hadi Kabati. Kesho yake tukapokea simu.

"Ndugu zangu, mulinambia nane, nami nimenunua nane. Hii nane yenu mbona haisomi?"

Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa Juni. Wanaomjua mlipa kodi wa Kenya wanajua maana yake: mwisho wa kuwasilisha marejesho ya mwaka ni tarehe 30 Juni, na wengi wetu huikumbuka siku hiyo ikiwa imebaki wiki moja. Kwa dada yetu, wiki hizo ndizo mavuno ya mwaka, na sisi tulikuwa tumemshauri mambo yaliyomwacha na mashine isiyowaka. Tukaona haifai kumalizia jambo hili kwa simu. Tulishika barabara ya Nairobi hadi Kibwezi, tukaiacha hapo, tukapita Ikutha na Mutomo hadi mji wa Kitui, kisha tukaendelea na njia ya Mwingi mpaka Kabati. Tulifika na vumbi, tukapokewa kwa chai ya tangawizi na mahamri yaliyotukumbusha nyumbani.

Mashine ilikuwa imefunguliwa ubavu. Kipande kipya kilikuwa kimekaa barabara mahali pake, vibanio viwili vya pembeni vimefunga, hakuna lililopinda. Alipobonyeza kitufe, feni ilizunguka, spika ndogo ya ndani ikalia mlio baada ya mlio, na skrini ikabaki nyeusi. Tulipokitoa kile kipya na kuacha vile viwili vya zamani, ikawaka kama kawaida. Kwa hivyo mashine ilikuwa nzima. Baadaye tuligundua kwamba hata kile kipande kilikuwa kizima. Ila viwili hivyo havikuumbwa kufanya kazi pamoja.

Tulikiinua kwenye mwanga tukasoma karatasi iliyobandikwa juu yake. Iliandikwa hivi: 8GB 1Rx4 PC3L-12800R. Vile vya zamani, vya GB 2 kila kimoja, viliishia kwa herufi U. Safari yote ile, na michango ya wanawake wanne, vilikwama kwenye tofauti ya herufi moja.

Tuieleze karatasi hiyo polepole, kwa maana ndiyo tuliyopaswa kuieleza tangu awali.

Namba 8GB ni ukubwa, na hiyo ndiyo pekee ambayo wengi wetu huiuliza dukani. Herufi PC3 hutaja kizazi, yaani DDR3. Kila kizazi kina umeme wake: DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2, na DDR5 volti 1.1. Vizazi haviingiliani. Muundo wa kipande wenyewe unazuia, kwa kuwa kwenye safu ya meno ya dhahabu pana pengo moja, na pengo hilo huhamishwa kidogo katika kila kizazi ili kipande cha kizazi kingine kisikae. Msidanganywe na idadi ya meno: DDR2 na DDR3 vya mezani vyote vina meno 240, na DDR4 na DDR5 vyote vina 288, lakini mapengo hayalingani. Anayeona kipande hakikai kisha akakikandamiza kwa kidole gumba atavunja ubao mkuu, na hapo gharama ni nyingine.

Herufi L baada ya 3 huonyesha kuwa kipande kinaweza kufanya kazi kwa umeme mdogo zaidi, volti 1.35. Katika mashine ya dada yetu haikuwa tatizo, kwani vipande hivyo hukubali pia volti 1.5. Tatizo huja kinyume chake: vipakatalishi vingi, na baadhi ya mashine za mezani zilizokuja baadaye, vinataka 1.35 tu, na kipande kisicho na L hakivifai.

12800 ni kasi, na ina siri nyepesi ambayo hata mtoto wa darasa la tano ataifurahia. Igawanye kwa 8 upate 1600, ile kasi ambayo duka jingine litaitaja kwa jina hilo. Vivyo hivyo 10600 ni kama 1333 mara 8, kwa kukadiria. Kwa hiyo anayeuza "1600" na anayeuza "12800" wanauza kitu kimoja, wala hakuna sababu ya kumlipa wa pili zaidi kwa kuwa namba yake ni kubwa.

Sasa herufi ya mwisho. U ni kumbukumbu ya kawaida ya mashine za mezani. R ni kumbukumbu ya seva, zile mashine kubwa za benki, vyuo na kampuni za mitandao, ambazo hubeba vipande vingi kwa pamoja. Katikati ya kipande cha R hukaa chipu ya ziada inayopokea amri kutoka kwa kichakato na kuzigawa. Kichakato cha tarakilishi ya kawaida, kama Core i5 iliyo ndani ya OptiPlex hii, hakikuundwa kuzungumza na chipu hiyo. Lakini, na hapa ndipo mtego ulipo, meno ni 240 yaleyale na pengo liko mahali palepale. Kipande cha seva cha DDR3 huingia katika nafasi ya mashine ya mezani bila ukinzani wowote. Kuingia kwake ndiko kulikomfanya dada yetu aamini kwamba kosa liko kwenye mashine.

Kwa asiyeweza kusoma karatasi, au karatasi ikiwa imebanduka, ahesabu chipu nyeusi. Kumbukumbu ya kawaida mara nyingi huwa na 8 au 16. Ya seva huwa na 9, 18 au 36, kwa sababu kila nane huongezewa moja ya kukagua makosa. Chetu kilikuwa na 18, na ile ndogo ya katikati ikaonekana wazi. Ipo pia aina ya E, inayokagua makosa bila kuwa na chipu ya katikati. Baadhi ya mashine za mezani huivumilia na nyingine huikataa, hivyo hatuoni haja ya kuibahatisha kwa fedha za chama.

Na hii 1Rx4? Ni mpangilio wa chipu ndani ya kipande. Kwa mashine za Intel za kizazi cha DDR3, kipande kizuri husomeka x8, kama 1Rx8 au 2Rx8. Ukiona x4, simama kwanza. Ama ni cha seva, ama ni mojawapo ya vile vipande vya bei ya chini ambavyo hufanya kazi kwenye mashine za AMD peke yake. Baadhi ya wauzaji huandika hivyo waziwazi, wengine huacha mnunuzi agundue mwenyewe.

Bei nayo ni dalili. Kumbukumbu ya seva iliyotumika mara nyingi huwa rahisi kuliko ya mezani ya ukubwa uleule, kwa kuwa seva zikistaafishwa hutoa vipande kwa wingi na wanaovihitaji majumbani hawapo. Unapoambiwa nane mbili, moja kwa bei ya kawaida na nyingine kwa nusu yake, uliza ile ya pili inaishia na herufi gani.

Je, muuzaji alikosa? Wanawake wa chama walituuliza hivyo tulipokuwa tumeketi, na mmoja wao alikuwa amekasirika hasa. Tulitafakari kabla ya kujibu. Ficho la aibu ya bidhaa ni jambo ambalo sheria ya biashara katika dini yetu imelifungia mlango, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kurudisha. Lakini kipande kile hakikuwa na aibu. Aliyetumwa aliomba nane ya DDR3, akapewa nane ya DDR3. Angeulizwa mashine ni ipi na asiseme kweli, lingekuwa jambo lingine. Hakuulizwa, wala hakutajiwa. Tuliona kwamba hatuna dai la haki, ila tunaweza kuomba mauzo yatanguliwe kwa ridhaa, jambo ambalo muuzaji mwema husifiwa kwalo. Aliombwa, akakubali kubadilisha, kwa sharti tuongeze tofauti ya bei. Nyongeza hiyo tuliilipa sisi. Haikuwa haki chama kilipie ulimi wetu.

Tulipokuwa tukingoja vipande vipya vifike, tulifanya tuliyopaswa kufanya kabla ya kumwambia mtu yeyote anunue chochote. Katika mashine yenye Windows 10, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya utendaji, kisha upande wa kumbukumbu. Hapo utaona ni kiasi gani kinatumika, kasi yake, na nafasi ngapi kati ya zilizopo zimejaa. Ya dada yetu ilionyesha nafasi mbili kati ya nne, na akifungua eCitizen, barua pepe na waraka wa mtihani, kumbukumbu inafika zaidi ya asilimia 90. Ingekuwa kumbukumbu imetulia huku diski ikifanya kazi kwa asilimia 100, tungemshauri anunue diski ya SSD kwanza na kuiacha kumbukumbu kama ilivyo. Hii ni hatua ya dakika mbili, na watu wengi huiruka.

Kisha tukaangalia kikomo. Mashine haipokei kumbukumbu kwa kadiri ya mfuko wa mwenyewe. OptiPlex 7010 ya umbo la kawaida ina nafasi nne na hufika GB 32. Ndugu yake 3010, anayefanana naye sana kwa sura, ana nafasi mbili tu na kiwanda kilimwekea kikomo cha GB 8. Mashine za Dell zina namba ya huduma yenye herufi na tarakimu 7, iliyobandikwa kwenye mwili wake. Ukiiandika katika tovuti ya kampuni utapata maelezo yake yote. Watengenezaji wa kumbukumbu kama Crucial na Kingston nao wana mahali pa kuandika jina la mashine na kuonyeshwa vipande vinavyoifaa. Tena zipo tarakilishi ndogo sana za mezani, zinazoweza kufungwa nyuma ya skrini, ambazo hutumia vipande vifupi vya vipakatalishi. Kipande kirefu hapo hakina pa kukaa.

Jambo jingine lisilopendwa kusemwa na wauzaji: ikiwa Windows iliyowekwa ni ya biti 32, mashine haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiijaza hadi ukingoni. Ya Kabati ilikuwa ya biti 64, alhamdulillahi, tukavuka hapo.

Tulimshauri pia asivuke kiasi. Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na vichakato vya kizazi cha tatu kama chake havimo katika orodha ya vinavyokubaliwa rasmi na Windows 11. Kumbukumbu ya DDR3 haitahamia kwenye mashine mpya atakayoinunua siku za mbele. Kuijaza GB 32 leo ni kujenga ghorofa juu ya kiwanja cha kukodi. Alihitaji kazi yake iende kwa mwaka mmoja au miwili, na kwa hilo GB 8 za ziada zilitosha.

Vipande vipya vilifika baada ya siku mbili: viwili vya GB 4, 1Rx8, PC3-12800U. Tuliomba viwili badala ya kimoja cha nane kwa sababu mashine hizi husoma kwa njia mbili sambamba, na vipande vilivyo sawa katika jozi huzitumia njia zote mbili. Katika mashine nyingi jozi huonyeshwa kwa rangi za nafasi.

Tukaichomoa mashine kwenye umeme, tukabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, tukagusa chuma cha mwili wake kabla ya kushika chochote. Sisi wa pwani hulichukulia hili kwa wepesi kwa kuwa hewa yetu ina unyevu. Kitui katika kiangazi ni kukavu, na cheche usiyoihisi kidoleni inaweza kuiua chipu. Kila mahali pana adui yake: kwao vumbi jekundu, kwetu chumvi ya bahari inayopaka meno ya dhahabu ukungu. Kifutio cha penseli kikipitishwa taratibu juu ya meno hayo huyasafisha, nasi tumekwisha kuziamsha mashine kadhaa za Mombasa kwa kifutio tu.

Vipya tukaviweka katika jozi ya kwanza, vile vya zamani tukavihamishia jozi ya pili. Vya zamani ni vya 1333, na vikichanganywa na vya 1600 vyote hushuka kwenye kasi ya aliye nyuma. Tulijaribu namna zote mbili, GB 8 zenye kasi na GB 12 za mwendo mdogo, na mwenye mashine hakuhisi tofauti yoyote katika kazi yake. Akachagua 12.

Alipowasha, skrini ilitoa onyo kwamba kiasi cha kumbukumbu kimebadilika. Alishtuka, tukamweleza kuwa mashine za Dell husema hivyo na kwamba ni habari njema. Usiku ule tuliiacha programu ya Windows ya kupima kumbukumbu ifanye kazi yake, kwa kuwa kipande kilichotumika kinaweza kuwaka asubuhi na kuharibu faili la mtu jioni. Haikuona kosa.

Kabla hatujaondoka, dada yetu alikata karatasi, akaandika kwa kalamu ya wino mzito: DDR3, 12800, U, x8, nafasi nne zimejaa. Akaibandika ndani ya kifuniko cha mashine. Wanawake wa chama waliisoma mmoja mmoja kwa sauti, na yule aliyekuwa amekasirika akatuuliza kwa nini hatukuiandika hiyo gazetini badala ya ile "nane yatosha". Hatukuwa na jibu. Mwalimu mmoja alikuwa tayari mlangoni na namba yake ya siri ya KRA aliyoisahau, na foleni ya Juni ikaanza.